Daftari Lisilo na Jina

Siku ya tatu ya matanga ya Mama Kavugho, fundi aliyenifundisha kushona, binti yake Kahambu aliniita chumbani, akafunga mlango, akatoa chini ya godoro kifurushi kilichozungushiwa kitambaa cha zambarau. Niseme mapema ili nisije kulaumiwa baadaye: mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akifunga mlango kabla ya kunipa kitu, macho yangu huenda dirishani kwanza. Nje wanawake walikuwa wakimenya viazi na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti za uchovu, na hakuna aliyekuwa akitutazama. "Yaya Kavira," Kahambu akasema polepole, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa kwetu, "Maman alituachia kazi mbele ya kufa. Hii kaye ni ya Masika, ule mwenye mulikuwa naye ku atelier. Alisema irudie kwake. Miye hapana jua eko wapi. Pengine weye unajua."

Nikafungua fundo. Ndani mlikuwa na daftari nene la jalada la kijani, pembe moja imeungua. Sikuhitaji kufunua ukurasa hata mmoja, kwa maana pembe ile niliiunguza mimi mwenyewe kwa pasi ya makaa. Juu ya jalada, pale pa kuandika jina, palikuwa patupu kama nilivyopaacha. Halikuwa daftari la Masika. Lilikuwa langu, na kila neno ndani yake liliandikwa kwa mkono wangu. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikisimulia, kila nilipopata msikilizaji mwenye subira, jinsi msichana mmoja wa Mangina niliyelala naye godoro moja alivyoniibia daftari langu akatoroka. Nimesimulia hadithi hiyo vizuri sana. Watu wametikisa vichwa. "Nani alikuambia ni ya Masika?" nikauliza. Kahambu akanishangaa. "Ni yeye mwenyewe alisema. Mbele ya batu bote." Kabla sijauliza watu gani, mlango ukagongwa, wakamwita kwa habari ya chumvi na sufuria. "Ngoja bakule kwanza," akasema, "kisha nitakuelezea." Nikabaki nimekaa juu ya kitanda cha marehemu, daftari mapajani.

Mwaka ule, mwaka wa ndoo za klorini, nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikijifunza kushona kwa Mama Kavugho, mtaa wa Vulamba, Butembo. Atelier ilikuwa chumba kimoja cha mbele: cherehani mbili nyeusi za kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, na pasi ya makaa iliyotoa moshi hadi saa nne asubuhi, ukungu ulipoanza kuondoka na tukafungua dirisha. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba chetu wanafunzi, godoro moja na kamba ya kutundikia nguo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupima wateja. Nilizungusha utepe, nikaandika daftarini jina na vipimo: shingo, kifua, kiuno, mkono. Mbele ya daftari palikuwa pa Mama. Lakini ukiligeuza juu chini na kulianzia nyuma, pale palikuwa pangu, na pale niliweka maneno.

Neno la kwanza nililolipenda kwa ajili yake lenyewe, si kwa kazi linayofanya, lilikuwa quincaillerie. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka la vyuma mkabala na dirisha letu, na nililisema moyoni huku nikikanyaga cherehani. Lilikuwa na mlio wa misumari inayomwagwa ndani ya ndoo. Baada ya hapo sikuweza kuacha. Mke wa mwanajeshi, aliyekuja kupunguza sketi, alinipa lobi la Kilingala, ambalo ni jana na ni kesho pia, na nilipomuuliza watu wake wanajuaje ni ipi akacheka hadi pini zikamchoma. Dereva aliyekuwa akipita mpaka wa Kasindi aliniletea shaghalabaghala, nikalibeba wiki nzima kwa furaha, nikiliona kila mahali, hasa kwenye meza yetu. Mtu mmoja mrefu wa Guinée, aliyekuja na timu za riposte, ndivyo tulivyowaita watu waliokuja kupambana na Ebola, alishonesha suruali kwetu, akasema djarama, yaani asante. Nililipenda kwa sababu lilimfanya atabasamu kabla hajalimaliza. Nilikuwa nikiyakumbuka maneno yangu kabla ya kulala kama wengine wanavyokumbuka nyuso za wapenzi wao. Sikuwa na mpenzi. Wavulana niliwashuku pia.

Hata maneno niliyashuku, na hapa ndipo uzembe wangu ulipoanzia. Mtu anaweza kukubunia neno ili aonekane mjuzi. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: kila neno niliandika pamoja na jina la aliyenipa na mahali alipotoka, kisha nikatafuta mashahidi. Na kwa kuwa mwaka ule redio ilikuwa ikituimbia kutwa kucha habari za wagonjwa wa namna tatu, suspect, probable na confirmé, yaani anayeshukiwa, anayeelekea kuwa nao na aliyethibitishwa, nikaona ni mzaha mzuri kuyapanga maneno yangu vilevile. Neno lenye shahidi mmoja nililiwekea S. Likipata wa pili nikafuta, nikaandika P. Wa tatu, C. Nilikuwa na ukurasa baada ya ukurasa: Kambale, Beni, S. Masika, Mangina, S. Kasereka, Butembo, C. Neno lenyewe nililiandika pembeni kwa herufi ndogo, kwa wivu, mtu asije akalisoma begani kwangu. Na jina langu sikuliandika popote. Niliwaza kwamba likipotea, asiyejua ni la nani hawezi kunidhuru.

Msomaji wa mbali huenda asijue jambo moja kuhusu sisi Wanande: majina yetu huenda kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza kwa kawaida ni Masika, wa pili Kavira. Mvulana wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Ukisimama sokoni Butembo ukaita "Kambale!" watageuka watu arobaini, na mmoja atakuwa tayari amekasirika. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kiasi kwamba sikulifikiria kabisa.

Na hewa ya mji ilikuwa mbaya. Hatukupeana mikono; tuligusana viwiko au tulitazamana tu. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, na mikono yetu ilinuka klorini hata wakati wa kula. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa wa mbao, na upande wa pili palikuwa na benchi ambapo wanawake wa mtaa walikaa kuchambua maharagwe. Niliwasikia kila asubuhi kabla sijafumbua macho. "Mais, tangu lini munganga anakuya na motokari kumi?" "Banaandika majina." "Ya nini?" "Hapana uliza. Ukiandikwa tu, banakuya kukubeba." "Ule jirani wa kule chini aliandikwa." "Na alirudi?" "Nani alirudi?" Kisha wanyamaze, nisikie maharagwe yakidondoka kwenye sinia. Sikuwaamini. Wala sikuwaamini waliosema tusiwaamini. Nilishuku ugonjwa, nikashuku dawa, nikashuku kila aliyeapa kwamba ugonjwa haupo, kwa sababu alikuwa akinawa mikono mara mbili.

Katika hewa hiyo ndipo Masika alipofika kujifunza kushona, na alitokea Mangina. Leo jina hilo halimshtui mtu. Mwaka ule kutaja Mangina kulitosha watu wakusogeze mwisho wa benchi, maana huko ndiko ugonjwa ulikosikika kwanza. Alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, mwenye sauti nzito ya mtu mkubwa. Mama Kavugho alimweka kwenye godoro langu. Nikalala nimeupa ukuta uso, blanketi hadi puani. Tulisikia kila siku kwamba aliyekutana na mgonjwa huangaliwa siku ishirini na moja, kwa hiyo nikawa nikichora kwa chaki mistari midogo kwenye ubao wa ukuta, kila asubuhi mmoja, nyuma ya nguo zilizotundikwa. Kwa siku hizo zote nilikula kwenye sahani yangu peke yangu, nikisema nina tumbo bovu. Masika alikula sombe yake ya majani ya mihogo na bugali yake upande wa pili wa meza, akinisimulia vituko vya kwao. Asubuhi moja akaweka katikati yetu sahani moja kubwa ya viazi na maharagwe, akakaa. "Leo ni ya makumi mbili na mbili," akasema. "Hebu tukule." Kumbe alikuwa akihesabu mistari yangu tangu mwanzo. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanisogezea kiazi kikubwa kuliko vyote na kuniuliza kama tumbo limepona.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu pekee aliyejua daftari lilipolala, ndani ya gunia la vipande vya nguo chini ya meza. Aliniletea maneno kama wengine wanavyoleta maparachichi. Na moja kati ya hayo lilitugombanisha. Ilikuwa kila nikichelewa sokoni, nilikuta chakula changu kimewekwa, sahani imefunikwa kwa sahani. Siku moja nikamshukuru kwa kunibakishia. "Ile ni kasighalo yako," akasema. Nikasimama. Kasighalo? Kubaki kwa Kinande nakujua, ni erisighala, lakini neno hilo sikuwahi kulisikia Kipese nilikokulia. Akaeleza kwamba bibi yake aliita hivyo fungu la chakula linalowekewa mtu aliyetoka bila kusema atarudi lini. "Si mabaki," akasema. "Mabaki ni ya kuku. Kasighalo inatoka mbele, batu bakingali kula." Nikamwambia anabuni. "Waswahili wenyewe wanasema asiyekuwepo na lake halipo," nikamwambia. "Neno kama hilo haliwezi kuwepo." "Ni bale banasema vile. Kwetu hapana," akajibu, amekasirika kweli. Nikaandika mbele yake: Masika, Mangina, S. Akaitazama ile herufi kwa muda. "Siku moja hizi S zako zitatuingiza mu matata," akasema. Ninakumbuka alisema "zitatuingiza", sote wawili.

Miezi miwili baadaye Mama Kavugho alinituma Beni kupeleka nguo za harusi. Njiani kulikuwa na vizuizi. Unashuka, unanawa, unaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, na wakati mwingine unafunguliwa mfuko. Nikaliacha daftari guniani. Nilitakiwa kurudi siku hiyohiyo, lakini Butembo ikatangaza ville morte, milango yote ikafungwa kwa hasira za siasa, magari hayakuenda. Nikakaa Beni siku mbili kwa mwenye harusi, katika joto nisilolizoea, nikisikiliza wanajeshi wakitaniana kwa Kilingala nje ya ua na nikiyarudia moyoni maneno yao ili nisiyasahau. Nilikuwa na manne mapya, na moja, elengi, utamu, nililiona zuri mno hata nikapanga kumwambia Masika kwanza kabla ya kuliandika.

Niliporudi, pazia la chumba chetu lilikuwa limeshushwa. Blanketi langu lilikuwa limekunjwa; lake halikuwepo. Beseni lake, viatu vyake, kanga yake, vyote vimekwenda. Nikakimbilia gunia. Tupu. "Masika eko wapi?" nikamuuliza Mama Kavugho. Alikuwa ameinamia cherehani bila kushona chochote. "Amekwenda." "Na kaye yangu?" Akaniangalia mara moja, kisha akateremsha macho. "Kavira, mambo ya kaye hapana iseme tena mu nyumba hii." Kisha akaongeza: "Masika alikuachia chakula." Kwenye jiko, sahani imefunikwa kwa sahani: maharagwe na viazi, vimeanza kukauka. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Nani alijua daftari lilipo? Mmoja. Nani ametoweka? Yuleyule. Na kwa nini mwizi amwekee chakula aliyemwibia? Nikachukua ile sahani, nikaimwaga uani mbele ya kuku wa Mama, nikakaa juu ya jiwe kuwatazama kama watakufa. Hawakufa. Hata hilo halikunifundisha kitu. Nilisema labda sumu ya watu haiui kuku.

Alinipigia simu. Jina lake lilitokea kwenye kioo wiki ile na wiki iliyofuata, na mimi niliitazama simu ikilia juu ya meza ya kukatia hadi ikachoka. Mara ya kumi na moja niliitoa laini, nikanunua nyingine. Mama Kavugho alikuwa akiniona. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, akavuta uzi na kuukata kwa meno. Hakuwahi kunidanganya, sitamsingizia marehemu. Aliniacha tu na shaka yangu, akijua itafanya kazi yote iliyobaki. Tangu siku ile sikuandika neno tena. Niliyasikia mazuri, mengine matamu sana, nikayaacha yapite kama magari ya watu wengine. Nilijiambia nimekua.

Kahambu alirudi chumbani na vikombe viwili vya chai, akaniambia yaliyotokea nikiwa Beni, kama mama yake alivyomwambia katika siku zake za mwisho. Siku ya kwanza ya ville morte, kwa kuwa hakukuwa na wateja, Mama Kavugho alimwaga lile gunia apate vipande vya kujazia mto. Daftari likadondoka. Akafurahi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na vipimo vya kwaya iliyokuwa imeagiza mashati ya zambarau, na kiongozi wa kwaya, aitwaye Kasereka, alikuwa amepitia mlango wa nyuma kuuliza kazi imefika wapi. Akampa aangalie kipimo chake. Kasereka akasoma: Kasereka, 39. Ilikuwa shingo yake. Lakini mwaka ule hakuna mtu Butembo aliyeona thelathini na tisa akafikiria shingo. Chini yake Paluku, 38. Kambale, 40. Kwaya nzima ina homa. Akaligeuza, na nyuma akakuta majina mengine, miji, na zile herufi zangu. Kasereka, Butembo, C. Huyo wangu alikuwa fundi wa pikipiki aliyenipa neno lililofikisha mashahidi watatu. Huyu alikuwa mwingine, na akajisoma kwamba amethibitishwa.

Alitoka nje akipiga kelele kwamba atelier ile inaandikia watu wa riposte. Mtaa ulikuwa umejaa vijana wasio na kazi siku ile, na mawe hayakuwa mbali. Walipofika mlangoni alisoma majina kwa sauti, na kila jina liliposomwa mtu alijibu. "Kambale, S!" "Ni miye, banasema miye iko suspect!" "Katembo, P!" "Ni muntoto yangu!" "Masika, S!" Wakapiga yowe Masika watano au sita kwa pamoja. Waliuliza ni nani ameandika. Walitafuta jina juu ya jalada, halikuwepo. Mama Kavugho aliujua mkono wangu. Masika aliujua zaidi. Na walipoanza kusema kwamba basi wataichoma nyumba pamoja na mashine zake, na kumngoja huyo mwingine aliyekwenda Beni, maana huko Beni ndiko bila shaka alikopeleka orodha, Masika alitoka nyuma ya meza. "Kaye ni yangu," akasema. "Kavira hapana jua kitu. Miye ninatoka Mangina."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mangina ilitosha, waliamini papo hapo, tena kwa raha. Mama Kavugho akawaomba wamwachie, akampokonya Kasereka daftari langu kana kwamba analichoma, akawapa mgongo, akachukua lingine la zamani la vipimo, akalisukuma ndani ya makaa ya pasi mbele yao hadi likawa majivu, na langu akalikalia. Walimpa Masika saa moja aondoke Vulamba. Katika saa hiyo alipika. Mama Kavugho alimwambia binti yake kwamba jambo hilo ndilo lililomtesa kuliko mawe: msichana anafukuzwa, anachochea maharagwe, anafunika sahani, anasema, "Kavira atarudi na njaa." Na yeye Mama hakuniambia kwa sababu ni mkono wake uliompa Kasereka daftari, na kwa sababu aliogopa nikijua nitatoka mlangoni kusema kweli, na nyumba itachomwa safari hii bila mjadala. Baadaye hofu ilipokwisha, aibu ikachukua nafasi yake. "Alisema weye ulikuwa mukali," Kahambu akamaliza, "aliogopa macho yako." Nililia pale kwa sauti, na waombolezaji walioingia walidhani ninamlilia marehemu. Nilimlilia pia, lakini si kwanza.

Masika hakuwa mgumu kupatikana. Hilo ndilo linalonichoma hadi sasa: ningemtafuta, ningempata kwa siku moja. Ana atelier yake Beni, cherehani tatu, na jina lake liko juu ya mlango kwa rangi ya bluu, kubwa, bila woga. Nilifika saa sita mchana. Alikuwa akipima mteja. Aliniona, akamaliza kupima, akaandika, akamsindikiza mteja hadi barabarani. Kisha akarudi, akasimama mbele yangu. Amenenepa kidogo. Sauti ni ileile. "Kavira." "Masika." Sikuwa na maneno, mimi niliyekuwa na daftari zima. Nikamnyooshea lile la kijani. Akalitambua, hakulipokea. "Nilikupigia mara kumi na moja," akasema. "Niliona." "Uliona?" "Niliona zote. Niliitazama simu ikilia." Nilitaka ajue hivyo, nisijifiche tena nyuma ya laini iliyopotea. Akaukunja utepe wake wa kupimia. "Miye nilisema pengine bamekupiga, pengine umekufa. Nililia weye. Kumbe ulikuwa unatazama." "Nilimwaga na chakula chako," nikasema. "Niliwapa kuku, nikangojea wafe." Hapo alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, na nilidhani atanifukuza. Angekuwa na haki. "Ata kuku hapana kufa?" akauliza. "Hata mmoja." Kicheko kilimtoka bila yeye kutaka, akakizuia kwa mkono, kisha akaanza kulia, akaniacha nimesimama pale na daftari langu, akaingia ndani.

Sikujua kama niondoke. Mama mkwe wake, bibi aliyekuwa akianika mihogo uani, akaniita nikae kwenye kivuli. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Butembo. Akainua sauti kuelekea jikoni: "Masika! Ule mugeni amekula? Mupatie basi ile kasighalo ya bwana yako, yeye atachelewa." Nikashtuka. Nikamuuliza neno hilo amelitoa wapi, ni Masika aliyemfundisha? Ndiyo, hata siku ile, hata hapo, nilikuwa nikihoji mashahidi. Bibi akanikazia macho. "Kufundishwa? Ni neno ya chakula. Mama yangu alisema vile, mama yake alisema vile. Kwenu munawekea batu chakula bila kuiita jina?"

Masika akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani, akaiweka juu ya stuli kati yetu, akakaa. Macho yalikuwa mekundu. Nikafungua daftari nyuma, nikatafuta ukurasa, nikamwonyesha: kasighalo, Masika, Mangina, S. Nikatoa kalamu ili nifute niandike P, maana shahidi wa pili nilikuwa nimempata. Akanishika mkono. "Acha. Ile neno hapana shida yake. Andika kwanza jina yako kule mbele." Nikageuza daftari. Pale pa jina palikuwa patupu, na nilijua sasa ni nani alikuwa ameishi ndani ya utupu ule kwa niaba yangu. Nikaandika: Kavira. "Kavira gani?" akasema. "Biko wengi." Nikaongeza: rafiki ya Masika. Kalamu ikasita. Kwa neno kama hilo shahidi nilikuwa mimi peke yangu, tena shahidi mbaya. Nikaweka S.

Masika aliisoma, akaitazama ile herufi kama alivyoitazama nyingine zamani. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akaikata ile S kwa mstari mmoja, na pembeni yake akaandika P. Akafunua sahani. "Kula," akasema. "Ingali moto."